Mlo wa Mwenye Kisukari cha Aina ya Pili: Mwongozo kwa Mlaji Aliyegundulika Karibuni

Mtu anapoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba ana kisukari, mara nyingi hurudi nyumbani na karatasi ya majibu, pakiti ya vidonge na orodha fupi ya makatazo aliyopewa kwa mdomo. Kabla jua halijachwa, orodha hiyo huwa imekwisha kurefushwa na jamaa na majirani. Huyu anasema wali ni marufuku. Yule anasema ugali wa dona unaliwa bila kipimo. Mwingine ameleta chupa ya dawa inayodaiwa kuponya kwa siku 21. Katikati ya shauri zote hizo, mgonjwa hubaki na swali moja lisilojibiwa: leo jioni nile nini?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo. Tunamwandikia mlaji wa kawaida, anayenunua unga dukani, mboga gengeni na chakula cha mchana kwa mama lishe, na ambaye kipato chake hakiruhusu kununua vyakula vya bei kubwa vilivyobandikwa jina la kisukari. Hatuchukui nafasi ya daktari wala mtaalamu wa lishe. Tunachotaka ni mlaji ajue kwa nini anaambiwa anayoambiwa, ili aweze kuamua vyema akiwa sokoni, jikoni na mezani.

Jina linalopotosha

Jina la ugonjwa huu huwafanya wengi waamini kwamba tatizo ni sukari ya kwenye kopo peke yake. Ukweli ni mpana zaidi. Kila chakula chenye wanga, yaani ugali, wali, chapati, mkate, ndizi za kupika, viazi, mihogo na magimbi, humeng'enywa tumboni na kugeuka kuwa glukosi, ambayo ndiyo sukari inayopimwa katika damu. Glukosi hiyo huhitaji homoni iitwayo insulini, inayotengenezwa na kongosho, ili iingie katika seli za mwili na kutumika kama nguvu. Katika kisukari cha aina ya pili, mwili hauitikii insulini ipasavyo, na kadiri muda unavyopita kongosho hushindwa kutoa ya kutosha. Sukari hubaki katika damu, na ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya damu, macho, figo na neva za miguu.

Tuchukue mfano. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina takriban gramu 4 za sukari. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina takriban gramu 45 za wanga. Mtu aliyeacha vijiko vitatu katika chai ya asubuhi ameondoa gramu 12, na hilo ni jambo jema. Lakini akila mchana vikombe vitatu vya wali, ameingiza gramu 135 za wanga kwa mara moja. Mtu huyu atakwenda kliniki mwezi ujao, atakuta kipimo hakijashuka, naye ataapa kwa haki kabisa kwamba sukari hajaigusa. Hakusema uongo, jina la ugonjwa ndilo lililompotosha.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: mwenye kisukari hahitaji kuacha wanga, bali anahitaji kuupima.

Kuyaelewa majibu ya kipimo

Kwa kawaida mtu huhesabiwa kuwa na kisukari iwapo sukari yake kabla ya kula chochote tangu usiku ni milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, au iwapo kipimo cha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, kiitwacho HbA1c, ni asilimia 6.5 au zaidi. Asiye na dalili hupimwa tena ili kuthibitisha. Baada ya kuanza matibabu, watu wazima wengi huwekewa lengo la HbA1c la karibu asilimia 7, lakini lengo la kila mgonjwa huamuliwa na daktari kwa kuzingatia umri, dawa na hali ya afya.

Baadhi ya mashine hutoa majibu kwa milimoli na nyingine kwa miligramu. Anayeona 126 asidhani kwamba amepimwa vibaya. Ukigawa namba ya miligramu kwa 18 unapata milimoli; kwa hiyo 126 ni sawa na 7.0. Anayenunua mashine ya nyumbani aulize kwanza bei na upatikanaji wa vipande vya kupimia, maana mashine hununuliwa mara moja lakini vipande hununuliwa kila mara, na vya mashine moja havitumiki katika nyingine. Akague tarehe ya mwisho wa matumizi na afunge kopo vizuri kila anapotoa kipande. Aoshe mikono na kuikausha kabla ya kujitoboa, kwa kuwa hata maji ya embe yaliyobaki kidoleni yanaweza kuleta jibu la uongo.

Sahani iwe mizani

Njia rahisi ya kupanga mlo bila mizani ni kuigawa sahani. Chukua sahani ya kipenyo cha sentimita 23 hivi, isiyo kubwa kupita kiasi.

- Nusu ya sahani iwe mboga zisizo na wanga mwingi: mchicha, matembele, majani ya maboga, sukuma wiki, kabichi, bamia, biringanya, nyanya chungu au kachumbari.
- Robo iwe chakula cha protini: samaki, dagaa, kuku asiye na ngozi, mayai, nyama isiyo na mafuta mengi, maharage, kunde, choroko au dengu.
- Robo iliyobaki iwe chakula cha wanga: ugali, wali, ndizi, viazi, mihogo au chapati.

Katika nyumba nyingi mlo wetu huwa kinyume cha mpango huu. Ugali hujaza sahani, na mboga huwa kitoweo cha kusukumia tonge. Kinachotakiwa ni kubadilishana nafasi: mboga iwe chakula, ugali uwe kisindikizo.

Wanaokula pamoja katika sinia moja hupata ugumu wa pekee, kwa sababu hakuna anayejua amekula kiasi gani. Hatushauri mtu ajitenge na wenzake. Ajipakulie sehemu yake pembeni kabla ya kuanza, na akiimaliza asiongeze. Ambaye hana sahani ya kupimia atumie mkono wake: wanga usizidi ngumi moja, nyama au samaki usizidi kiganja bila vidole, na mboga zijaze viganja viwili vilivyounganishwa. Inasaidia pia kuanza na mboga na kitoweo, kisha kumalizia na wanga, kwa kuwa sukari hupanda polepole zaidi.

Kuhusu dona, lipo jambo la kusahihisha. Dona ni bora kuliko sembe, kwa sababu hubaki na pumba na kiini chenye nyuzinyuzi, vitamini na madini. Hata hivyo wanga wake haupishani sana na wa sembe. Ngumi mbili za dona si salama kuliko ngumi moja ya sembe. Vivyo hivyo kwa ulezi na mtama: ni nafaka nzuri, lakini zinapimwa. Unga wa muhogo, ambao baadhi ya watu huuhesabu kuwa dawa, una wanga mwingi na protini kidogo sana, na uji wake mwepesi hupandisha sukari upesi.

Anayekula kwa mama lishe ana haki ya kuagiza anavyotaka. Aombe nusu ya wali na mboga maradufu, achague samaki wa mchuzi au wa kuchoma badala ya chipsi, na aombe mchuzi wenye mafuta uwekwe kidogo. Mteja akieleza kwa adabu, mara nyingi atapata anachotaka kwa bei ileile.

Sukari tunayoinywa

Ikiwa msomaji ataweza kubadili jambo moja tu wiki hii, tunamshauri aanze na vinywaji. Soda nyingi za kawaida zina takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 ina basi gramu 35 hivi, karibu vijiko tisa vya chai. Hakuna anayeweza kutia vijiko tisa katika kikombe kimoja cha chai akainywa kwa raha. Lakini ikiwa baridi na yenye gesi, sukari hiyohiyo hupita kooni bila kuhisiwa.

Juisi ya matunda, hata iliyokamuliwa nyumbani bila kuongezwa chochote, haina tofauti kubwa. Glasi moja huchukua machungwa matatu au manne, nyuzinyuzi huachwa kwenye chujio, na sukari huingia katika damu kwa kasi. Tunda lenyewe linafaa kuliko maji yake. Mwenye kisukari hakatazwi matunda. Ale chungwa moja, kipande cha papai au nusu ya embe kwa wakati mmoja, na ayagawanye katika siku. Asali nayo, pamoja na heshima yake ya kale, ni sukari kwa kiasi cha asilimia 80 hivi. Sukari ya kahawia na sukari guru huhesabiwa sawa na sukari nyeupe.

Maji ya kunywa ndiyo kinywaji cha kwanza. Chai na kahawa bila sukari havina kizuizi, na kwa aliyezoea utamu, mdalasini, iliki au tangawizi husaidia ulimi kusahau. Anayeshindwa kuacha mara moja apunguze kijiko nusu kila wiki.

Kusoma lebo kabla ya kulipa

Rafuni mwa maduka siku hizi kuna biskuti, uji na unga uliobandikwa maneno ya kuvutia mwenye kisukari, mara nyingi kwa bei ya juu. Mlaji asome nyuma ya kifungashio, si mbele tu.

- Viambato huorodheshwa kwa uzito, kuanzia kilicho kingi. Sukari ikiwa miongoni mwa vitatu vya mwanzo, bidhaa hiyo ina sukari nyingi.
- Sukari ina majina mengi: sukrosi, glukosi, dekstrosi, fruktosi, maltosi, sharubati ya mahindi, asali. Maltodekstrini si tamu sana, lakini hupandisha sukari ya damu kwa kasi.
- Linganisha bidhaa mbili kwa kutumia safu ya gramu 100. Safu ya kiasi cha mlo mmoja inaweza kupotosha, kwa kuwa mtengenezaji anaweza kuhesabu biskuti mbili wakati wewe unakula sita.
- Tazama jumla ya wanga, si sukari peke yake. Biskuti isiyo na sukari bado imetengenezwa kwa unga wa ngano.
- Maneno "haikuongezwa sukari" hayana maana kwamba bidhaa haina sukari. Miongozo ya kimataifa ya Codex huruhusu maneno "bila sukari" pale tu bidhaa inapokuwa na sukari isiyozidi nusu gramu katika gramu 100.
- Kagua chumvi pia. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, na wengi wenye kisukari wana shinikizo la juu la damu.

Kwa maoni yetu, mwenye kisukari hahitaji rafu yake peke yake dukani. Fedha ya pakiti moja ya biskuti maalumu hununua mafungu kadhaa ya mchicha na dagaa wa mlo mzima wa familia.

Ahadi za kuponya

Tunalazimika kusema wazi juu ya dawa zinazotangazwa kuponya kisukari moja kwa moja. Hatudharau tiba asili. Lakini hakuna mmea, unga wala chai iliyothibitishwa kuweza kuchukua nafasi ya dawa za hospitali. Hatari iko mara mbili. Kwanza, mgonjwa huacha vidonge vyake, na kwa kuwa sukari ya juu kiasi haiumi, hugundua kosa akiwa amekwisha kupata kidonda au upungufu wa kuona. Pili, katika nchi mbalimbali bidhaa zilizouzwa kama mitishamba zimewahi kukutwa zimechanganywa kwa siri na dawa za kisasa za kushusha sukari. Mgonjwa akizitumia pamoja na vidonge vyake, sukari inaweza kushuka hadi akapoteza fahamu.

Mwuzaji anayetaja siku za kupona, anayemtaka mgonjwa aache dawa, au asiyeeleza kilichomo katika chupa yake, aepukwe. Nchini Tanzania, dawa na vifaa tiba husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), tiba asili na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ubora wa vyakula vilivyofungashwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na madai ya kupotosha walaji na Tume ya Ushindani (FCC). Mlaji aliyedanganywa atunze risiti, kifungashio na tangazo, kisha atoe taarifa. Anafanya hivyo kwa ajili ya fedha yake, na pia kwa ajili ya mgonjwa atakayefuata.

Chakula na dawa huenda pamoja

Anayetumia metformini peke yake hapatwi kirahisi na kushuka kwa sukari. Lakini anayetumia glibenklamidi, dawa nyingine za jamii yake, au insulini, asiruke mlo wala asipunguze wanga kwa ghafla bila kumwarifu daktari, kwa sababu dozi nayo huenda ikahitaji kupunguzwa. Dalili za sukari kushuka ni kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Kipimo kikiwa chini ya 4, au dalili zikiwapo na mashine haipo, anywe mara moja maji yenye vijiko vinne vya sukari au nusu glasi ya soda ya kawaida, asubiri dakika 15, apime tena, na arudie ikihitajika. Akishapata nafuu ale kitu. Asiyejitambua asinyweshwe chochote, apelekwe hospitali.

Anayetaka kufunga, iwe Ramadhani au Kwaresima, amwone daktari wiki kadhaa kabla ili dawa na saa zake zipangwe upya. Kiu isiyokwisha, kutapika, kuhema kwa kasi au usingizi mzito kwa mwenye sukari ya juu ni dharura isiyosubiri kesho.

Tumaini lenye ushahidi

Kwa wenye uzito uliozidi, kupunguza hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito huboresha sukari na shinikizo la damu. Ushahidi umekwenda mbali zaidi. Mwaka 2018 zilichapishwa habari za utafiti uitwao DiRECT, uliofanyika Scotland na Tyneside nchini Uingereza, kwa watu waliokuwa na kisukari cha aina ya pili kwa muda usiozidi miaka sita. Waliopewa mpango mkali wa kupunguza uzito chini ya uangalizi wa kliniki, karibu nusu yao, yaani asilimia 46, baada ya mwaka mmoja walikuwa na sukari chini ya kiwango cha kisukari bila kutumia dawa. Miongoni mwa waliopungua kilo 15 au zaidi, kiwango hicho kilifikia asilimia 86.

Wataalamu hawaiti hali hiyo kupona, bali kutulia kwa ugonjwa. Uzito ukirudi, ugonjwa hurudi. Wala mpango ule si wa kujaribiwa nyumbani bila daktari, kwa kuwa dawa zilisimamishwa kwa utaratibu. Lakini somo lake ni kubwa kwa aliyegundulika karibuni: miaka ya mwanzo ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi. Kwa upande mwingine, mtu mwembamba, au anayezidi kukonda bila kukusudia, asijinyime chakula. Arudi kliniki, maana huenda kisukari chake ni cha aina nyingine.

Mazoezi nayo husaidia. Kutembea dakika 10 hadi 15 baada ya mlo hupunguza kupanda kwa sukari, wala hakuna ada ya kulipa.

Chungu kimoja kwa nyumba nzima

Kosa linalowavunja moyo wagonjwa wengi ni kupikiwa chungu cha peke yao. Gharama huongezeka, mpishi huchoka, na mgonjwa hujiona kama aliyetengwa. Ukirejea yote tuliyoeleza, hutaona chakula hata kimoja kisichowafaa watoto na wazee wasio na kisukari: mboga kwa wingi, wanga kwa kiasi, maji badala ya soda, chumvi na mafuta kidogo. Isitoshe, ugonjwa huu huandama koo. Mwenye mzazi au ndugu mwenye kisukari yuko katika hatari zaidi ya kuupata. Familia inayobadili chungu kwa ajili ya mmoja inawakinga wote.

Tunamshauri msomaji asijaribu kubadili kila kitu kwa siku moja. Wiki ya kwanza aondoe vinywaji vitamu. Wiki ya pili aanze kuigawa sahani. Wiki ya tatu aandike katika daftari alichokula na kipimo alichopata saa mbili baada ya kula, kisha aende na daftari hilo kliniki. Hapo mazungumzo yake na daktari yatabadilika, maana hatakwenda tena kusikiliza makatazo, bali kushauriana juu ya sahani anayoifahamu.